Wodi ya Walioridhika

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kwa heshima zote anazostahili kaka mkubwa. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kazi inakwenda, na lile bega lililokuwa likikusumbua limetulia. Mimi mwili haujambo. Watoto hawajambo, na shemeji yako anakusalimu. Mama naye, ukimuuliza mwenyewe, atakwambia hajambo kabisa. Neno hilo ndilo lililonifanya nitafute kalamu, maana nimelisikia hapa hospitali mpaka nimelikinai.

Najua utashangaa kuletewa barua zama hizi, kama vile bibi yetu amefufuka. Ningeweza kukupigia, lakini kwenye simu wewe hunikatiza, kisha unaniambia nitulie, kisha mimi napandisha sauti na tunagombana kabla hatujafika kwenye jambo lenyewe. Karatasi haimkatizi mtu. Nimemkabidhi dereva anayeleta vifaa huko kwenye ujenzi wenu, nikamwambia akuwekee mkononi, si mezani. Naomba uisome ukiwa umekaa, na uifikishe mwisho hata kama utakasirika njiani. Mimi nimekasirika njia nzima.

Kama ujuavyo, nilikuja kumpokea wifi zamu ya kumuuguza mama. Tangu mama aanguke bafuni akavunjika nyonga na kufanyiwa upasuaji, mkeo ndiye aliyekaa kando ya kitanda chake, mimi nikiwa nimebanwa na mitihani ya wanafunzi wangu. Sikatai kwamba amejitoa. Nilikuja na shuka mpya, matunda, na maneno ya shukrani niliyokuwa nimeyapanga tangu ndani ya basi.

Pale mlangoni mwa wodi kuna kijisanduku kimebandikwa ukutani, chenye vitufe vitatu: sura inayocheka, sura isiyo na habari, na sura iliyonuna. Kila anayeingia au kutoka anaombwa abonyeze kuonyesha ameridhika kiasi gani. Juu yake kuna bango linalosema kuridhika kwa mteja ndiyo kazi yetu. Mteja, kaka. Mama yetu amekuwa mteja, utadhani alikwenda pale kununua sabuni. Kile kitufe cha kucheka kimebonyezwa mpaka rangi imetoka, na kile cha kununa kinang'aa kama kimetoka dukani jana. Mimi mwenyewe nilibonyeza cha kucheka kabla sijaona chochote, kwa sababu nesi alikuwa amesimama hapo akinitazama.

Kitanda cha pili kutoka kwa mama kuna bibi mmoja mcheshi aliyekatwa kidole cha mguu kwa sababu ya sukari. Yeye ndiye aliyenifungua macho mapema, ingawa nilidhani ananitania. Alinieleza kwamba siku moja, akisukumwa kwenda kupigwa picha ya mguu, aliibonyeza ile sura ya kununa. Hajakaa sawa kitandani, manesi wamefika kwa kundi kumbembeleza, wakiongozwa na sista mkuu, wakamletea mto wa ziada na juisi, wakamuuliza wamemkosea nini. Alichokuwa anataka ni dawa ya maumivu, na hiyo haikuja. Tangu hapo, aliniambia, yeye hubonyeza ya kucheka, angalau wamuache alale.

Wala usidhani ni wodi chafu. Sakafu inang'aa, mapazia yamefuliwa, manesi wanakusalimia kwa jina la mgonjwa wako. Sista mkuu ni mama mrefu mwenye sauti laini, na alinipokea kwa mikono miwili akinisifia mama kwamba ni mteja wao namba moja, hana makuu, halalamiki, kila asubuhi akiulizwa kama ameridhika anajibu ameridhika sana. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Mama yetu, kaka. Mama aliyekuwa akimrudishia fundi cherehani gauni kwa sababu ya pindo. Mama ambaye hajawahi kunywa chai ya mtu bila kusema kitu kuhusu majani. Leo aambiwe hana makuu, na mimi nicheke nifurahi. Nilicheka nikafurahi.

Nilimkuta amelazwa chali, ameinuliwa kidogo kwa mito, uso umepakwa poda, nyusi zimechorwa, kilemba kimefungwa vizuri kuliko siku ya harusi yako. Nilimtania nikamuuliza kama anasubiri kuposwa. Akanijibu kwamba wachumba wapo, ila wanaogopa kupata binti wa kambo kama mimi. Nikasema moyoni, basi mama ni yuleyule. Nikainama nimbusu.

Hapo nikasikia harufu. Unakumbuka ni wewe uliyenipachika jina la Pua, kwa sababu nilikuwa naweza kuyajua maziwa yaliyoharibika nikiwa bado ukumbini. Kulikuwa na marashi, mengi mno, yale ya chupa ya zambarau anayoyapenda mkeo. Chini ya marashi kulikuwa na kitu kingine. Nilimuuliza wifi, akanijibu kwamba hospitali ni hospitali. Nikamuuliza nesi wa zamu, yule binti mpole ambaye wagonjwa wamembatiza Nesi Pole kwa sababu hawezi kupita kitandani bila kusema pole, akasema labda ni mtaro wa nje. Mama alisema ni mimi, nimezoea kunusa chaki. Wote watatu walijibu haraka mno.

Nikataka nimgeuze mama ili nitandike ile shuka mpya. Mama akakataa, kwa upole, kwamba amelala vizuri na nisimsumbue. Nikasisitiza. Wifi akanishika mkono. Nesi Pole akaja akanivuta kando, akanieleza kwamba wodini kwao mgonjwa akisema hataki kuguswa, wanaheshimu, kwa sababu kumlazimisha kunamuondolea mteja furaha yake. Shuka wanambadilishia kwa kuchomoa na kuingiza pembenipembeni bila kumuinua. Nikamuuliza tangu lini hajageuzwa. Akasema pole. Nami nikawaachia, kwa sababu nilikuwa mgeni na wao ndio wenye sare. Niliwaachia mpaka kesho yake asubuhi.

Kesho yake, kaka, ilikuwa sherehe. Wodi ilikuwa imepata ushindi wa kuridhisha wateja kuliko wodi zote. Wakubwa wa hospitali walikuja na tai zao, keki kubwa ikaletwa kwenye toroli lile lile la dawa, na juu ya keki wameichora ile sura inayocheka kwa krimu ya njano. Sista mkuu alitoa hotuba. Alisema siri ya ushindi wao ni kumsikiliza mgonjwa. Kisha akatangaza kwamba kipande cha kwanza atalishwa mteja aliyeridhika kuliko wote, na kila mtu akageuka kumtazama mama, na mama akatabasamu kama bibi harusi.

Mama alipolishwa na wageni wakagawiwa vipande vyao, mpiga picha akaomba mama ainuliwe zaidi, sura ionekane. Manesi wawili wakamshika kwapani wakamvuta juu. Shuka ikateleza. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa kichwa, na harufu ilinipiga usoni hata nikarudi nyuma. Chini ya kiuno chake, kwenye godoro, kulikuwa na doa la rangi ya kahawia na kijani, limelowa mpaka ndani. Sikumuuliza mtu ruhusa. Nilimkumbatia mama nikamgeuza ubavu, akapiga ukelele, na nikaona mgongo wake.

Sitakuficha, maana mficha maradhi kifo humuumbua, na pale walikuwa wamebakiza kifo tu. Pale mfupa wa kiuno unapokutana na makalio hapakuwa na ngozi. Kulikuwa na shimo ambalo ngumi yangu ingeingia, kingo zake nyeusi kama nyama iliyosahauliwa jikoni, na ndani yake kuna usaha, na ndani ya usaha nikaona cheupe. Nilidhani ni pamba. Ulikuwa mfupa. Nimelea watoto, nimefuta matapishi ya darasa zima wakati wa kipindupindu, lakini nilipoona vile nilitapika papo hapo, kwenye kiatu cha mmoja wa wale wenye tai. Sijamwomba radhi na sina mpango huo.

Watu walisimama na keki midomoni. Sista mkuu akaja karibu yangu, akaniambia kwa sauti yake ile laini kwamba nimlaze mama kama alivyokuwa, tungoje wageni waondoke, halafu tutalishughulikia kama familia. Alikuwa na krimu ya njano pembeni mwa mdomo. Alikuwa bado anatafuna. Hilo ndilo linalonirudia kila nikikaa kula, si shimo, ni ule utafunaji. Nilimjibu kwa neno ambalo mwalimu hapaswi kulitumia, na nikaita daktari kwa kelele mpaka akapatikana.

Daktari wa vidonda ni mzee mkali asiye na adabu, na ndiye mtu pekee pale ambaye sikumchukia. Alitufukuza sote, akakata nyama yote iliyokufa. Alipotoka alinieleza bila kupamba kwamba kidonda cha kulalia hakitoki kwa Mungu, kinatoka kwa kuachwa. Mama akigeuzwa mchana na usiku, asilalie mgongo hata kidogo, kinaweza kujaa taratibu na akapona. Akiendelea kulala chali, uchafu utaingia kwenye mfupa kisha kwenye damu, na tutampoteza. Hakuna njia ya katikati, alisema, na mimi nisimbembeleze.

Na mama, pamoja na yote hayo, akakataa kugeuzwa.

Kabla sijakueleza sababu, acha nikueleze niliyoyasikia siku ile, kwa sababu nilimuuliza kila mtu na kila mtu alikuwa na jibu zuri. Nesi Pole alilia. Alisema alipoanza kazi alikuwa akiwageuza wagonjwa kama alivyofundishwa, na kila siku alirudi nyumbani ametukanwa, amelaaniwa, ameitwa muuaji na vikongwe wenye maumivu. Kisha kikaja kile kijisanduku, wakaambiwa mgonjwa asikasirishwe. Tangu hapo, aliniambia, anatoka kazini amebarikiwa. Mama alikuwa akimshika kichwa na kumwombea mume mwema. Ni nani, aliniuliza, atakayekubali kuziacha baraka arudie matusi? Nilimwambia kwamba baraka zake zinanuka.

Mkeo naye nilimbana. Alinikumbusha jinsi mama alivyomtesa kwa maneno tangu ulipomuoa, chumvi imezidi, watoto wamekonda, nyumba ina vumbi. Sasa, kwa mara ya kwanza, mama alikuwa anamwita mwanangu, anamsifu mbele ya wageni kwamba hakuna mkwe kama huyu anayejua kumwacha mtu apumzike. Aliijua ile harufu. Ndiyo maana alinunua marashi. Alijiambia kwamba kesho atasema, na kesho mama alimwita mwanangu tena, naye akanyamaza. Mama alimvika kilemba cha ukoka, na yeye akakivaa akatembea nacho mtaani. Nilimwonea huruma kidogo, kisha nikakumbuka ule mfupa, huruma ikaniisha.

Kwa hiyo hebu tazama, kaka. Nesi ameridhika, kwa sababu hatukanwi. Mkwe ameridhika, kwa sababu anasifiwa. Sista mkuu ameridhika, ana keki. Mgonjwa ameridhika, hajaumizwa. Wodi nzima imeridhika na mtu anaoza katikati yao. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na hapa nguo yenyewe ilikuwa inapuliziwa marashi. Toka siku ile nikisikia mtu anasema ameridhika, nyongo inanipanda.

Lakini bado sikumwelewa mama. Maumivu anayajua, amezaa, amevunjika, si mwoga. Nikamkalia kitandani baada ya watu kuondoka, nikamwambia simpi chakula wala maneno mpaka aniambie kwa nini anataka kufa chali.  Kisha akanieleza, huku akiitazama dari. Sasa kaka, kama umesimama, kaa.

Alisema kwamba wiki za mwanzo walikuwa wanamgeuza vizuri tu. Analalia kulia, analalia kushoto, analia, anavumilia. Kisha siku moja ukampigia simu ya picha. Ukamkuta amelalia ubavu, uso umebonyea kwenye mto, mdomo umepinda, udenda unamtoka, hana kilemba. Ulimfokea mkeo mbele ya wodi nzima kwamba wanamlaza mama yako kama gunia. Manesi walisikia. Wewe ukalia, akasema mama, na yeye hajawahi kukusikia ukilia tangu ulipokuwa mdogo. Siku iliyofuata akaomba alazwe chali, apakwe poda. Ukapiga, ukamwona, ukacheka, ukasema mama leo umependeza, sasa ninaweza kufanya kazi, roho yangu imeridhika.

Tangu siku hiyo mama hakugeuka. Nilimwambia kwamba simu yako ni ya dakika chache, angegeuzwa saa nyingine zote. Akanijibu kwamba wewe huna saa ya kupiga. Unapiga asubuhi, unapiga mchana, unapiga hata usiku ukikosa usingizi, siku nyingine unapiga mara tatu, nyingine hupigi kabisa, na yeye hawezi kugeuzwa haraka kwa ile nyonga. Kwa hiyo alikuwa anakaa tayari. Usiku na mchana, kaka, mama yako amelala juu ya shimo lile, amejipaka poda, anakusubiri.

Unanichefua. Nakwambia kwa heshima zote za mdogo kwa mkubwa, lakini unanichefua kuliko yule mama wa keki. Yeye alitaka zawadi. Wewe ulitaka kulala usingizi, na mama akakutandikia mgongo wake. Najua hukujua. Sista mkuu naye anasema hakujua. Hata mama ananichefua, Mungu anisamehe, kwa kuona afadhali aoze kuliko wewe uone udenda wake. Nilitoka nje nikasimama kwenye ukuta wa jiko la hospitali, nikalia kwa hasira mpaka mpishi akaniletea maji.

Sasa nikiri langu, kwa sababu utakuwa umeshajiuliza mbona simu ya mama haipatikani, na mkeo anakwambia ipo kwa fundi. Haiko kwa fundi. Iko ndani ya mkoba wangu, nimeizima, na mkeo nimemlazimisha kusema vile, kwa hiyo usimfokee tena. Mama nimemdanganya pia. Nimemwambia kwamba umepelekwa kufanya kazi mahali ambapo hakuna mtandao, na haijulikani utarudi lini. Nilimwambia nikimtazama usoni, na nilikuwa sijawahi kumdanganya mama kwa jambo kubwa.

Akaniuliza kama nina hakika kwamba hutapiga. Nikasema nina hakika. Akauliza hata kesho? Nikasema hata kesho. Basi akafungua kilemba chake taratibu, akanipa mkononi, akasema kama hatapiga, nigeuzeni.

Tulimgeuza, mimi na Nesi Pole. Mama alimtukana yule binti matusi ambayo sikujua kwamba anayajua, mume mwema akafutwa palepale, na binti akasema pole, akaendelea kumgeuza. Amekuwa akiendelea hivyo kila siku tangu wakati huo. Wifi anasaidia pia, na ameshaambiwa kwamba chumvi ilikuwa imezidi. Sista mkuu amepita akaniambia kwamba mama sasa anaharibu sifa ya wodi kwa kelele zake. Daktari anasema kidonda kimeanza kuwa chekundu chini, na chekundu ndicho anachokitaka. Hakusema zaidi ya hapo na sikumuuliza.

Mama hakuulizii kwa sauti. Ila simu ya mtu yeyote ikilia wodini, mkono wake unakwenda kichwani kutafuta kilemba.

Sitaifungua simu, kaka, na usinitumie picha wala maneno ya kumsomea. Njoo. Omba ruhusa, na wakikunyima, njoo bila ruhusa. Wasalimie wenzako hapo kazini na umshukuru dereva kwa niaba yangu, nilimsumbua sana. Shemeji yako na watoto wanakuombea safari njema. Ukifika usisimame miguuni mwa kitanda, utamkuta amekupa mgongo. Asubuhi huwa tunamlaza akielekea dirishani, na mchana akielekea ukutani. Ukija mchana itabidi ujibane, kuna nafasi ya mtu mmoja tu kati ya kitanda na ukuta. Piga magoti hapo, umtazame alivyo, na usimwambie amependeza.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye na aliyekukasirikia.